Tamthilia Aliyoiacha Redio

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi mzima, cherehani nzima, mama anaendelea na sukari yake. Boksi lako limefika jana, kona moja imebonyea.

Sasa niambie, una akili kweli? Tamthilia nzima, dividii zimepangwa kama sahani za harusi, unamnunulia mwanamke asiyeona! Na hata angekuwa anaona, tamthilia ikishaangaliwa imeangaliwa. Ukishajua nani alimtilia sumu mzee mwenye kiwanda, unarudia ili iweje? Ungemletea shuka mama wa watu, au viatu vya kufunika vidole. Nilisema yote hayo kwa sauti, naye akacheka, akasema, "Weka bwana, tusikie mtoto kaleta nini."

Nikaweka. Kitinda, kwa nini hukuniambia kwamba aliyeitafsiri ni Redio?

Nilikuwa nageuza kola ya sare. Muziki ukapigwa, yule mwanamke wa kwenye picha akaanza kusema lugha yake, halafu juu yake ikaja sauti ya ndugu yetu: "Haya tena, kaeni vizuri, ni mimi Redio nisiyehitaji betri!" Sindano iliniingia kidoleni. Mama alisimama bila fimbo, akaenda moja kwa moja hadi kwenye televisheni, akabandika viganja vyote viwili kwenye kioo. "Mwanangu huyo," akasema. "Si niliwaambia yuko kazini? Wewe dada yao ndiye kila siku unaongea kama mtu aliyeficha kitu."

Na kweli nimeficha, na wewe unajua. Mwaka jana, Redio alipokutwa amekata roho ndani ya kile chumba chake cha kurekodia, jenereta inanguruma humo humo na madirisha yamezibwa kwa magodoro ili kelele za barabarani zisiingie, mama alikuwa wodini. Daktari akasema asishtuliwe. Tukakubaliana tungoje atoke. Akatoka. Tukasema tungoje macho yapone. Macho hayakupona. Tukamwambia Redio kapata kazi nchi ya mbali, studio kubwa, wanawanyang'anya simu hadi mkataba uishe. Uongo wetu sasa umeota ndevu.

Nilikuwa nimeazimia kumwambia mwezi huu. Sukari imetulia, daktari mwenyewe amekubali. Na wewe unaniletea marehemu anapiga soga sebuleni. Nianzie wapi?

Nakuandikia barua kwa sababu simu inalala mapajani mwake na masikio yake unayajua. Nikikutumia ujumbe, jibu lako litasomwa na yeyote anayepita mlangoni, yeye humpa tu mtu simu na kusema, "Nisomee." Basi na wewe niandikie, tena kupitia dukani kwa mama mwenye uzi. Niambie nifanye nini.

Dada yako


Tarehe 23 Januari

Dada, shikamoo.

Nisamehe. Ningekuambia ungeirudisha bila kulifungua boksi, nakujua.

Unauliza mtu anarudia tamthilia ili iweje. Hapa kambini tunalala wanne kwenye chumba cha bati, na bwawa tunalolijenga haliishi. Mchana kutwa nachomelea mabomba, jioni hakuna pa kwenda. Yuko fundi mmoja mzee, tunamwita Babu Bolti, anayo tamthilia moja ameirudia hadi anawajibu wale watu kabla hawajauliza. Nikamcheka kama unavyonicheka. Akaniambia, "Kijana, mimi sirudii hadithi, nawarudia watu. Chumbani kwangu hakuna mtu. Nikiweka hii, wapo."

Redio nilimsikia kupitia ukuta wa bati. Nilikuwa nafua ovaroli, mikono imejaa povu, namsikia anasema chumba cha pili, anacheka kile kicheko chake cha puani. Nilijua amekufa, Dada, na bado miguu ilikimbia. Nikaingia kwa watu bila hodi, wakadhani nimekuja kugombana. Siku iliyofuata nikamtafuta aliyewauzia nikanunua maboksi mawili, moja la mama, moja langu.

Ninyi mlimzika. Mlimwona, mkamfunika, mna mahali pa kwenda kung'oa majani. Mimi msimamizi alininyima ruhusa, nilipomshinda kwa maneno mvua ikakata barabara. Mimi sina chochote isipokuwa dividii.

Nakuomba usimwambie. Si milele. Mwache amsikie mwanawe kidogo. Tumemnyima kaburi, tusimnyime na sauti.

Nikimpigia simu nikiwa kazini, mashine zinanguruma hadi napiga mayowe, na yeye ananiuliza Redio hajambo. Najibu hajambo. Inaniuma lakini najibu.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 16 Februari

Mdogo wangu,

Haya, umeshinda. Nilichosema kuhusu kurudia nakimeza, hata maji sihitaji.

Unakumbuka vita vya vidonge? Alikuwa anavificha shavuni, mimi navikuta chini ya mto vimeyeyuka. Sasa sikia. Kwenye dividii ya tatu, pale mjane wa yule mzee mwenye kiwanda anapoletewa chai na shemeji yake, Redio anaacha kutafsiri. Anasema, "Na wewe mama yangu huko uliko, dawa umekunywa? Kunywa, nakungoja." Na ananyamaza kweli! Mjane anafungua mdomo anafunga, watu wa filamu wanapigana, Redio kimya, anangoja. Halafu anasema, "Haya, asante," na kuendelea. Mtundu yule alijua anachofanya.

Basi kila asubuhi naweka dividii ya tatu. Mama anakaa na vidonge kiganjani kama mtoto anayengoja kengele. Redio anamwambia kunywa, anakunywa. "Nimekunywa baba," anasema. Kidonda cha kidole gumba kimeanza kukauka. Amenenepa mashavu. Mimi nikishona nasikia watoto wangu wote wawili ndani ya nyumba, mmoja anaongea na mwingine kamnunulia maneno. Maana ninyi wote nimewalea mimi, msisahau.

Sitamwambia. Angalau si sasa. Nimesema, na najichukia kwa kusema.

Lakini kuna jambo. Boksi halijakamilika. Dividii ya mwisho inaishia mjane amesimama mbele ya hakimu, anavuta pumzi aseme, na picha inakatika. Nimepiga hesabu ya tarehe nikaelewa: ndipo Redio alipofikia usiku ule. Mama anauliza, "Mbona hajamaliza?" Namwambia kazi nzuri haina haraka. Naye anajibu, "Mwanangu haachi kazi njiani."

Tafadhali tuishie hapo. Mwambie mama watengenezaji wa dividii wamechelewa, mwambie chochote. Nimekusamehe boksi, usinitafutie jingine.

Dada yako


Tarehe 30 Machi

Dada, shikamoo.

Nina haraka, gari la barua linaondoka. Hamtaamini! Nimepata sehemu zilizobaki. Kuna jamaa anauza dividii kule sokoni, alikuwa nazo kabatini. Kumbe Redio alizimaliza, sisi ndio hatukujua. Sauti si safi sana, ni nakala ya nakala, na kama utasikia mikwaruzo ni kwa ajili hiyo.

Mama azisikilize zote kwa mpangilio. Akimaliza niandikie alivyosema. Nataka neno kwa neno, Dada. Kama alicheka, nambie alicheka wapi.

Kitinda


Tarehe 19 Aprili

Kitinda,

Umenifanya mjinga, na mimi si mjinga.

Nilijua kabla mjane hajamaliza kumjibu hakimu. Sauti ni ile ile, hata baba alikuwa anawachanganya mkiwa nyuma ya mlango. Lakini Redio hakuwahi kuvuta pumzi kabla ya mzaha. Redio alikuwa anautupa tu. Yule niliyemsikia alikuwa anauogopa mzaha wake mwenyewe. Ni wewe. Ulikaa kwenye bati lako ukajifanya marehemu.

Mama hakujua. Alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini. Muziki ulipokwisha akasema, "Amemaliza." Halafu akainuka, akaanza kuvua mashuka ya kitanda cha Redio.

Wewe ulishaondoka nyumbani siku hizo, hukuyaona. Redio alikuwa na desturi yake. Akiwa katikati ya tamthilia haonekani, wala humpati kwa simu. Siku akimaliza ya mwisho anakuja hapa moja kwa moja, koo limekauka, analala kama gogo, mama anakaa kitako kando yake hadi aamke. Kila tamthilia, bila kukosa. Mimi nilikuwa nimesahau, si nilikuwa nafikiria vidonge tu. Mama hakusahau. Muda wote ule hakuwa anauliza mbona hajaja, kwa sababu Redio hakuwa amemaliza. Sasa wewe umemmalizia.

Amefua mashuka kwa mikono yake, yule aliyefua mashuka ya hospitali nzima akiwa na nguvu, na safari hii akajikwaa kwenye beseni. Kila siku anaketi kizingitini tangu asubuhi. Kila pikipiki inayosimama anainua kidevu. Chakula hali, anasema atakula na mwanawe. Vidonge hataki, wala dividii ya tatu hataki tena kuisikia. "Hiyo ya zamani," anasema. "Atakuja kuniuliza mwenyewe."

Juzi nilishindwa. Nikapiga magoti pale mlangoni nikamwambia. "Mama, mwanao amekufa. Redio alikufa mwaka jana ukiwa wodini, tukamzika sisi." Nililitamka lote, na niliona kama mzigo unanishuka. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Na huyu aliyemaliza hadithi juzi ni nani?"

Nikasema ni Kitinda. Akanipiga kofi. Kitinda, tangu nizaliwe mama hajanipiga. Akasema nina kijicho, kwamba tangu utotoni nilimwonea gere Redio kwa kupendwa, na sasa namfukia akiwa hai. "Nimemsikia kwa masikio yangu," anasema. "Wewe nikuamini kwa lipi?" Alichosema ni haki yake. Mwaka mzima nimemwambia yu hai, leo nimwambie kafa, aniamini kwa lipi?

Kidole kimefunguka tena. Harufu yake siipendi. Nesi wa zahanati anasema asipokunywa dawa mguu utakwenda, na baada ya mguu ni yeye. Njoo. Hiyo sauti yako ndiyo anayoiamini, basi ije ikae mbele yake iseme ukweli. Njoo useme, "Mama, ni mimi Kitinda, Redio amekufa, aliyemaliza ni mimi." Mimi maneno yangu hayana thamani tena ndani ya nyumba hii.

Dada yako


Tarehe 4 Mei

Dada,

Ni mimi. Sina pa kujificha.

Sehemu hizo nilizipata bila tafsiri, nikaziwekea sauti chini ya blanketi, Babu Bolti ameshika simu ya kurekodia. Ile lugha ya kule siijui hata neno, nilikuwa natazama midomo na kubuni. Sijui kama mjane alishinda kesi kweli. Mimi nilimshindisha. Nilikuwa nasikiliza Redio dividii nzima, halafu nafumba macho nasema kama yeye, na kuna wakati, Dada, sikuwa naigiza. Nilikuwa nasikia raha. Mwaka mzima sikuwa nimesikia raha hiyo. Ningekwambia ni kwa ajili ya mama tu, lakini nusu yake ni kwa ajili yangu.

Hilo la kuja akimaliza, haki ya Mungu sikulijua.

Nimepata ruhusa. Msimamizi alikunja uso, nikamwambia ni mama, akasaini. Nitakuja na kifurushi cha nguo tu. Nitaingia, nitamshika mikono, nitasema kabla hata sijakaa. Nimelirudia neno hilo kazini hadi nimelizoea. Nikichelewa kulisema, nipige kofi na wewe.

Kitinda


Tarehe 11 Juni

Kitinda,

Umeondoka alfajiri kama mwizi, basi nitakuandikia yale ambayo ungeyasikia kwenye chai.

Siku uliyofika nilikuwa nimepeleka sare shuleni. Narudi nakuta mlango wazi, mama amekushika uso kwa mikono miwili, analia na kucheka, na wewe umepiga magoti. Nikasema moyoni, ameshamwambia. Nikaweka kapu chini nije niwakumbatie wote. Ndipo nikamsikia, "Redio wangu, umekonda," na wewe ukajibu, "Kazi, mama."

Neno moja tu lilihitajika. Umelizoea kazini, si ndivyo ulivyoandika?

Nilikungoja. Nikasema atasema wakati wa chakula. Hukusema. Nikasema labda akishafunga kidonda. Ulikifunga vizuri, ukamwuliza dawa umekunywa, ukamngoja, akanywa, ukasema asante. Nilitoka nje. Ulilala kitanda cha Redio kwenye mashuka yale, naye akakukalia kitako hadi ukaamka. Nilikukonyeza, nilikukanyaga mguu, nilikuita uani ukajifanya husikii. Halafu nikaamka hupo.

Najua utakachosema. Alikupokea kabla hujafungua mdomo, sasa ungemnyang'anyaje? Najua. Mimi pia nilikosa la kufanya siku ile ya boksi. Lakini mimi nilikuwa na televisheni ya kulaumu.

Anakula. Vidonge anakunywa. Nesi ameshangaa. Nikupongeze? Lakini jana alikuwa anachambua mchele kwa vidole, akaniuliza ghafla, "Kitinda alipiga simu lini?" Nikasema majuzi. Akasema, "Hapana." Kisha akaendelea kuchambua.

Mpigie. Mpigie leo hii ukiwa wewe.

Dada yako


Tarehe 24 Juni

Dada, shikamoo.

Nimempigia. Nimesogea kabisa karibu na mashine kubwa ili nipige mayowe kama zamani. "Mama! Kitinda hapa!" Nikarudia. Akacheka, Dada. Akasema, "Redio, acha mzaha. Hata mashine umeziigiza?" Nikamwambia mama ni mimi kweli, mimi mtoto wako wa mwisho. Akasema, "Wewe mwigize mtu mwingine, baba, mdogo wako usimwigize." Halafu akakata.

Nilikaa chini kwenye vyuma. Watu wakadhani nimepigwa na umeme.

Sina la kujitetea. Pale mlangoni nilibisha hodi, yeye kutoka ndani akaita, "Redio!" Jinsi alivyoliita. Mimi hajawahi kuniita hivyo. Si kwamba hanipendi, sisemi hivyo. Ila nilitaka nijue mtu akiitwa hivyo anajisikiaje, nikaitika. Nilidhani ni mara moja, kisha nitasema. Halafu kila dakika ikawa ngumu kuliko iliyopita.

Nitakuja tena mwisho wa mwezi ujao. Tutamkalisha chini sisi wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Naapa.

Kitinda


Tarehe 15 Julai

Mdogo wangu,

Keti. Nimekuwa nikiianza barua hii na kuichana.

Mama amekuwekea msiba. Wewe.

Alianza siku ile ya simu. Alipokata alikuwa anacheka, mimi nashona, nikadhani mambo shwari. Kumbe machozi yanashuka. Akaniita nikae karibu, akanishika shavu lile lile alilolipiga kofi. Akasema, "Mwanangu, nisamehe kofi. Uliniambia nimefiwa na mtoto, nikakukatalia. Ni Kitinda, sivyo?"

Nikasema, "Hapana mama! Kitinda yu hai, yuko bwawani anachomelea mabomba!" Nikapaza sauti hadi watu wa dukani wakatoka. Naye ananipapasa kichwa. "Pumzika," anasema. "Umebeba vya kutosha." Kitinda, hajaniambia neno zuri namna hiyo tangu niote meno. Na lilikuwa kwa ajili ya uongo nisiousema.

Majirani wamekuja. Ni wale wale waliobeba jeneza la Redio pamoja nasi na kufunga midomo kwa ajili yetu. Wameketi kwenye viti vya kuazima, wanaangalia sakafu. Mama mwenye uzi alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Sasa tunamlilia yupi?" Nikamwambia alie tu, wote wanafaa. Na walilia. Walimlilia Redio kwa jina lako, maana mwaka jana walilia kwa kujificha.

Utakuja, najua. Ukija atakupokea Redio. Ukisema wewe ni Kitinda, atasema unamfariji. Nimejaribu kila mlango na kila mlango umefungwa kwa mikono yetu sisi, yangu ikiwa ya kwanza. Mimi ndiye niliyeanza kumwambia yu hai.

Amenituma niandike barua, nayo naiambatanisha. Alitaka iende kwa ndugu yako. Anwani ninayoijua ni moja.

Dada yako


Tarehe 14 Julai

Redio mwanangu,

Anayeandika ni dada yako, maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze wala asiongeze.

Kama umesimama, kaa. Mdogo wako hatunaye.

Najua unajua, na najua mlinificha. Ulipokuja ulikaa hapa, ukala, ukalala, ukanifunga kidonda, na hata mara moja hukulitaja jina lake. Mtu hawezi kukaa na mama yake hivyo bila kusema Kitinda hajambo, ila kuna jambo. Nikawa nakungoja useme. Halafu ukanipigia simu ukajifanya yeye. Nilicheka ili usijue kwamba nimejua. Sikukasirikii. Dada yako naye alijaribu kuniambia, na kwa uchungu akalitaja jina lako badala ya lake, nikampiga. Nimeshamwomba radhi.

Sijui amelala wapi. Mtaniambia mkiweza. Wala siulizi alikufaje, maana vyuma vile na ule umeme nilivihofia siku zote, sikusema tu.

Kuna jambo linanisumbua, na sina wa kumwambia ila wewe. Mtoto yule sikumjua vizuri. Alizaliwa baba yenu akiwa kitandani hainuki, nikamwacha mikononi mwa dada yenu, nikarudi kufua. Wewe ulikuwa unanichekesha, nikitoka kazini nimevimba miguu nakutafuta wewe. Yeye alikuwa anachota maji ya kuniosha hiyo miguu. Analeta, anaweka, anaondoka. Sikumbuki kama niliwahi kumwita arudi.

Lile boksi alinunua yeye. Alijua sioni, akaninunulia kitu cha kusikia, na aliyekuwemo ndani ni wewe, si yeye. Nilikufurahia wewe kila siku ya Mungu, na aliyekuleta sikumwambia hata asante. Akipiga simu namwuliza, Redio hajambo? Anasema hajambo. Sikuwahi kumwuliza, na wewe je?

Basi njoo. Watu wamekuja kukaa nami, lakini wanalia kwa haya, sijui kwa nini. Dada yako machozi yamemkauka. Na mimi nikianza kumlilia nakuta sina vya kutosha vya kusema juu yake, nanyamaza katikati. Wewe ulicheza naye, ulilala naye kitanda kimoja, unajua alikuwa anapenda nini na anaogopa nini. Njoo ukae hapa karibu nami uniambie mwanangu alikuwa mtu gani.

Mama yako